Kupe katika ua wenye miti: je, tuchome moto?

Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Wete, ametuandikia kutoka Morogoro. Mumewe alihamishiwa huko kikazi, wakapanga nyumba Bigwa, chini ya Milima ya Uluguru. Ua ni mpana, una miembe, mifenesi na mijohoro, na nyuma yake kuna kichaka kinachoteremka mpaka kwenye kijito. Wanafuga mbuzi na ng'ombe mmoja mwenye ndama. Wana mbwa mlinzi waliyemkuta hapo, na paka waliyehama naye kutoka Pemba.

Tangu masika yaanze, anasema, ua umejaa kupe. Mtoto wake wa miaka minne ametolewa kupe nyuma ya sikio mara mbili katika wiki moja. Mbuzi wawili wamekufa. Mmoja alianza kuzunguka pale pale kama aliyepoteza njia, akaanguka, akawa anapiga miguu hewani, na asubuhi wakamkuta ameshakufa. Jirani, ambaye kwa maelezo yake ni mtu mwema asiyemtakia ila kheri, amemshauri asubiri kiangazi akitie moto kichaka chote, na hatowaona tena kupe.

Anauliza mambo mawili. Je, inajuzu kuwachoma wadudu kwa moto? Na kama haijuzu, awaondoe vipi?

Tungeweza kumjibu la kwanza kwa mistari mitano tukanyamaza. Lakini la pili ndilo linalomnyima usingizi, na tunajua kuwa wapo wengi Micheweni, Dunga, Makunduchi na hata Mafia wenye banda la mbuzi chini ya mwembe na watoto wanaocheza hapo hapo. Kwa hiyo tumelirefusha.

Kuhusu moto

Kumuua mdudu anayedhuru hakuna ubaya. Mtume (s.a.w.) ameruhusu kuuawa baadhi ya viumbe wenye madhara, kama nge, panya na mbwa mkali, hata kwa mtu aliyehirimia, na wanavyuoni wakawapimia humo wengine wanaofanana nao kwa madhara. Kupe mwenyewe katajwa zamani. Katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa kuwa Sayyidna Umar (r.a.) alionekana akimtoa kupe ngamia wake akiwa katika ihramu, na Imam Malik hakulipenda jambo hilo kwa aliyehirimia. Ikiwa mazungumzo yao yalikuwa juu ya mtu aliyemo katika ihramu, basi asiyekuwemo hana la kutia shaka.

Moto ni suala jengine. Abu Daud amepokea kuwa Maswahaba walichoma kijiji cha chungu, na Mtume (s.a.w.) akawafahamisha kuwa kuadhibu kwa moto hakumfalii ila Mola wa huo moto. Na katika Bukhari na Muslim imo habari ya Nabii mmoja aliyeumwa na chungu, akaamrisha kiota chao chote kichomwe, akalaumiwa kwa kuangamiza umma mzima kwa kosa la chungu mmoja. Kutokana na haya wanavyuoni wengi wamesema kuwa kumchoma mdudu haifai maadamu ipo njia nyengine, na wapo walioruhusu pale tu madhara yanapokuwa hayaondoki ila kwa moto. Kwa kupe njia nyengine zipo, tena zina nguvu kuliko moto, kama tutakavyoeleza. Hukumu hiyo inawagusa pia wale vijana wanaomweka kupe juu ya kaa ili wamsikie akipasuka. Mtieni kwenye kichupa cha spiriti, atakufa, na hakuna atakayepigwa na damu yake.

Ama upande wa mlima wenyewe, aliyewahi kuishi Morogoro wakati wa kiangazi anajua usiku unavyoonekana Uluguru ikiwaka: mstari mwekundu unapanda kimya kimya, na asubuhi mji mzima una harufu ya majivu. Moto hupenda kupanda kuliko kushuka. Ukiwashwa nyuma ya nyumba ya Bigwa au Kilakala kwa ajili ya kupe, upepo ukigeuka, unaweza kwenda mahali ambapo mwenye kiberiti hakukusudia. Msitu wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu mwaka 2008, una mimea na viumbe visivyopatikana pengine popote duniani, na ndio unaoshika maji ya Ngerengere na Ruvu, ambayo Dar es Salaam inayanywa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 nayo imeweka masharti juu ya kuwasha moto katika majani. Jirani akisema kwamba hapo zamani watu walichoma tu, ni kweli walichoma, na mlima umeonesha matokeo yake.

Na baada ya yote hayo, moto haumalizi kupe. Hupunguza kwa msimu, kwa sababu unawaua waliokuwa juu ya majani na kuondoa kivuli chao. Waliomo kwenye nyufa za udongo na chini ya mawe hubaki. Mvua ikinyesha huota majani mapya laini, mbuzi, sungura na ng'ombe wa watu huyakimbilia, na kila mmoja wao huja na kupe wake. Mwaka wa pili mko pale pale, ila udongo umeshashuka mtoni.

Ni kupe yupi?

Kabla ya kununua dawa yoyote ni lazima kujua kupe anakaa wapi, kwani si wote wanaokaa kichakani.

Wapo kupe wa majani. Huyu hutaga mayai yake ardhini, maelfu kwa mara moja, kisha anakufa. Watoto wanaototoka wana miguu sita na ni wadogo kama chembe ya mchanga. Hupanda kwenye ncha ya jani, wakanyoosha miguu ya mbele, wakangoja. Kupe haruki, hana mbawa, na haanguki kutoka juu ya mti kama watu wengi wanavyodhani. Ukimkuta kichwani basi alianzia mguuni akapanda. Pumzi ya mnyama, joto lake na mtikisiko wa hatua zake ndivyo vinavyomwamsha. Akishapata damu huanguka, hujibadilisha ngozi, akatoka na miguu minane, akapanda tena jani, akatafuta mnyama wa pili. Na kupe wengi wa kwetu hufanya hivyo mpaka mnyama wa tatu. Kwa hiyo umri mkubwa wa kupe hupita ardhini, penye kivuli na unyevu, na siku chache tu juu ya mwili. Anaweza kukaa miezi mingi bila kula. Asichoweza kustahimili ni kukauka.

Katika hawa wa majani, mmoja ni kupe wa rangi ya kahawia anayependa ndani ya masikio ya ng'ombe. Huyo ndiye anayeleta ndigana kali. Mwengine ni mkubwa, dume lake lina mgongo wa rangirangi na miguu yenye pete nyeupe, na huyo hubeba maji moyo, maradhi yanayoua mbuzi, kondoo na ng'ombe. Hatuwezi kumpima mbuzi kwa barua, lakini mbuzi anayezunguka pale pale, akaanguka na kupiga miguu, ni dalili inayotosha kumwita mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo. Dada yetu yuko karibu na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chenye hospitali ya wanyama. Akifa mwengine, asimtupe mtoni. Ampeleke akachunguzwe.

Yupo kupe wa mbwa. Huyu hana haja na kichaka. Anakaa kwenye banda la mbwa, kwenye nyufa za ukuta, chini ya mkeka, na mara nyingi utamwona akipanda ukuta wa baraza. Familia inaweza kufyeka ua mzima na wala asipungue, kwa sababu yumo ndani.

Na yupo papasi. Wasomaji wetu wa Unguja wanalijua jina hili kwa maana nyengine, wale vijana wanaomganda mgeni kutoka bandarini mpaka hotelini, na aliyewapa jina hilo alijua anachosema. Papasi mwenyewe hana gamba gumu mgongoni. Huishi kwenye sakafu za udongo na nyufa za kuta, hutoka usiku, hunyonya kwa muda mfupi na kurudi shimoni, kwa hiyo mtu aliyeumwa haoni mdudu asubuhi. Mwaka 1905 daktari wa Kijerumani Robert Koch aliwachunguza katika vibanda vya misafara iliyotoka pwani kwenda bara, akakuta kuwa vimelea vya homa vimo hata ndani ya mayai yao, yaani watoto wa papasi wanazaliwa nayo. Homa yake huja, ikaondoka, ikarudi baada ya siku kadhaa, na watu huidhania malaria. Kwa mama mjamzito ni ya hatari sana. Nyumba ya dada yetu ina sakafu ya saruji, kwa hiyo hatudhani kuwa anaye. Lakini mwenye banda au jiko la udongo aangalie nyufa, azizibe, na kitanda akisogeze mbali na ukuta.

Kuyajua haya kutamwokoa muulizaji na gharama. Kupe nyuma ya sikio la mtoto huenda ametoka majani anakocheza, au kwa mbwa anayelala mlangoni. Jaribio lake ni rahisi. Chukua shuka kuukuu nyeupe, ifunge kwenye fimbo, ikokote polepole juu ya majani asubuhi umande ukishakauka, hatua kumi kumi, kisha igeuze uhesabu. Fanya hivyo pembeni mwa kichaka, chini ya miembe, njia ya mbuzi, na katikati ya ua penye jua. Vaa viatu vya mpira na ingiza suruali ndani ya soksi. Wengi hushangaa kuona kuwa katikati hamna kitu, na kupe wote wamejipanga kwenye mstari mmoja mwembamba, pale majani marefu yanapokutana na ua, na pande mbili za njia ya wanyama. Huo mstari ndio wa kushughulikiwa, si eka nzima.

Ua

Fyeka majani yawe mafupi kutoka nyumbani mpaka hatua chache kabla ya kichaka, jua lifike chini. Punguza matawi ya chini ya miembe kwa sababu hiyo hiyo. Majani makavu yaliyorundikana karibu na nyumba, kuni, matofali ya akiba, yote hayo ni makao ya panya, na panya ndiye anayewalisha kupe wadogo. Yasogezwe mbali na mahali pa watoto. Kisha baina ya ua na kichaka acha ukanda wa kokoto au mchanga mkavu, upana wa kama mita moja. Kupe hapendi kuuvuka, na kwa watoto unakuwa ni mpaka wanaouona: huku mcheze, kule msivuke.

Lakini tahadhari, na hii ni kwa aliye mlimani hasa. Usikwangue mteremko ukabaki udongo mtupu. Mvua ya masika ya Uluguru itauchukua wote. Waluguru wana historia ndefu na jambo hili. Mwaka 1955 walifanya ghasia dhidi ya serikali ya kikoloni iliyowalazimisha kulima matuta kwenye miteremko yao, na mtu mmoja akauawa kwa risasi. Walikataa kulazimishwa na kuchoshwa na kazi isiyowaletea mavuno, na si kwamba hawakujua thamani ya udongo. Basi fyeka, using'oe. Mizizi ibaki. Majani makavu uliyoyafagia karibu na nyumba yapeleke chini ya migomba, mbali na njia.

Kuku wa kienyeji waachiwe. Mwaka 1991 watafiti nchini Kenya walichapisha matokeo yao kuhusu kuku waliokuwa wakila kupe, juu ya nyasi na hata mwilini mwa ng'ombe, na idadi iliyokutwa katika matumbo yao haikuwa ndogo. Kuku peke yao hawamalizi kazi. Lakini hawataki mshahara, na mayai mnapata. Tahadhari moja tu: wasiachiwe siku ile mifugo imetoka kuogeshwa dawa, wakala kupe waliokwisha kulewa sumu.

Mbuzi ndiye mtego

Hapa ndipo penye siri yote, na ndipo watu wengi wanapokosea. Mtu akiona kupe wengi, hununua dawa akainyunyiza juu ya majani na vichaka. Dawa huisha, pesa huisha, na kupe waliojificha chini ya takataka za majani hawakuguswa. Waliokufa ni nyuki waliokuwa kwenye maua ya mwembe, na mvua ya kwanza ikaipeleka dawa iliyobaki kwenye kijito, ikaua samaki. Visiwani kwetu jambo hili ni zito zaidi, maana Unguja na Pemba kuna sehemu nyingi ambazo chini ni mawe ya matumbawe, na kinachomwagika juu hakichukui muda kufika kisimani.

Tafakarini badala yake. Kupe jike wa majani akishapanda juu ya mnyama huhitaji kama wiki moja kushiba, ndipo aanguke na kutaga. Ikiwa mnyama huyo anaogeshwa dawa kila siku ya saba, jike hatopata nafasi ya kushiba. Anakufa bila yai hata moja. Na mbuzi anayechunga kwenye ua huo huo kila siku anawakusanya kupe waliokuwa wanangoja, mmoja mmoja, kutoka mahali ambapo hakuna dawa ingewafikia. Mbuzi asiyeogeshwa ni shamba la kupe. Akiogeshwa kwa wakati wake anakuwa ni mtego unaotembea. Kwa hiyo msiwafungie mbuzi mbali na ua kwa hofu. Waogesheni, kisha waacheni wachunge humo humo.

Wenye josho karibu walitumie. Asiyenalo atumie bomba la mkono, akitimiza masharti haya. Dawa ichanganywe na maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, si kwa kukisia. Kuizimua ili ienee kwa wanyama wengi ndiko kunakozaa usugu: kupe dhaifu wanakufa, wenye nguvu wanabaki na kuzaana, na mwaka ujao dawa ile ile ni maji tu. Mnyama alowe mwili mzima. Tumeona wafugaji wengi wakipiga bomba mgongoni mpaka maji yanachuruzika, na masikio hawakuyagusa. Kupe wa ndigana yumo ndani ya sikio. Wengine wamo chini ya mkia, kwenye kiwele na baina ya kwato. Pita huko kwa mkono wenye glavu na kitambaa kilicholowa dawa. Ogesha asubuhi siku isiyo na mvua, mbali na kijito na kisima. Na soma kwenye chupa ni siku ngapi maziwa yasinywewe.

Chupa ya dawa ibaki na jina lake. Msiimimine kwenye chupa ya soda wala ya maji. Mtoto wa miaka minne hasomi. Na tunaomba radhi kulisema hili, lakini tunajua kuwa linafanyika: dawa ya mifugo hapakwi mtoto kichwani, si kwa chawa wala kwa kupe.

Paka naye ana habari yake. Dawa nyingi za kupe za mbwa zina permethrin, na hiyo inamuua paka. Hata kujisugua kwa mbwa aliyetoka kupakwa kunaweza kumtetemesha mpaka afe. Paka wa Pemba atenganishwe na mbwa mpaka dawa ikauke, na dawa yake mwenyewe itoke kwa daktari wa wanyama.

Mbwa wa kulinda mifugo na shamba anaruhusiwa kwa mujibu wa Hadithi, na madhali yupo, ana haki ya kutunzwa. Aogeshwe dawa yake, na matandiko ya banda lake yafuliwe kwa maji ya moto au yabadilishwe. Nyufa za banda zizibwe kwa saruji, kwani kupe wa mbwa hutaga humo. Kwa sisi wafuasi wa Imam Shafi majimaji ya mbwa yanataka kuoshwa mara saba, moja kwa udongo, kwa hiyo anayemwogesha avae glavu na mabuti ya mpira, ambavyo daktari naye angemtaka avivae kwa sababu ya dawa. Na asilale mlangoni. Ajengewe banda lake upande wa zizi.

Kuhusu ndama: mbuzi hapati ndigana kali, lakini anaweza kumbeba kupe wake mpaka alipo ng'ombe. Ndama aliyevimba tezi chini ya sikio, ana homa, kisha anapumua kwa shida, asingojwe mpaka kesho. Dawa ipo, na inafaa zaidi mapema. Ipo pia chanjo iliyotengenezwa Muguga, Kenya, inayopigwa mara moja na kumkinga mnyama kwa miaka mingi, na wafugaji wengi wa Tanzania bara wameitumia. Ndigana ipo Unguja na Pemba pia, kwa hiyo wenye ng'ombe wa maziwa waulizie kwa maofisa mifugo wao.

Mtoto

Kila jioni, kabla ya kuoga, mkague. Nyuma ya masikio, kwenye nywele, kwapani, kitovuni, nyuma ya magoti, kinenani. Akionekana kupe, msimpake mafuta ya taa, wala samli, wala kumgusisha kijiti cha moto. Hayo humfanya atapike ndani ya jeraha. Chukua kibanio cha nyusi chenye ncha nyembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, si tumboni, umvute wima polepole bila kumzungusha. Kikibaki kipande cha mdomo wake, usichimbe kwa sindano, ngozi itakitoa. Osha kwa sabuni. Usimponde kwa kucha, kwani baadhi ya kupe damu yao ina maradhi.

Andika tarehe ukutani. Ikiwa ndani ya wiki mbili mtoto atapata homa, kichwa kumuuma, au pale alipoumwa pakatokea kidonda chenye gamba jeusi, mpeleke hospitali na umwambie daktari kuwa alitolewa kupe. Homa ya kupe ina dawa inayofanya kazi vizuri, lakini daktari asiyeambiwa atapima malaria, akiikosa atakurudisha nyumbani na panadoli.

Muda, na mbuzi wa Idd

Dada yetu asitarajie kumaliza kwa mwezi mmoja. Kupe walioko ardhini leo wanaweza kungoja mwaka na zaidi. Akiogesha kila wiki wakati wa mvua, na kila wiki mbili kiangazi kama shuka nyeupe itaonesha wamepungua, ataona tofauti mwisho wa msimu huu, na tofauti kubwa masika yajayo. Wiki mbili za kusahau katikati ya masika huwarudishia kupe miezi. Azungumze na jirani yule yule mwenye kiberiti, waogeshe siku moja. Kichaka ni kimoja na mbuzi wao wanakutana.

Wenye kununua mbuzi wa bara kwa ajili ya Idd el-Hajj nao wana sehemu yao. Mbuzi anayeshuka na boti Mkokotoni au Wete anaweza kuwa na kupe masikioni. Akaguliwe na kuogeshwa kabla hajaingia zizini, na akae peke yake kwa wiki moja au mbili, mahali pasipo na majani. Wasimamizi wa mifugo bandarini wakimzuia, msiwalaumu.

Mwisho, muulizaji ameongeza chini ya barua: akiwa amempasua kupe bila kukusudia na damu ikaingia kwenye nguo ya kusalia, je, sala yake? Katika madhehebu ya Imam Shafi damu kidogo ya wadudu kama viroboto na chawa husamehewa kwa kuwa ni vigumu kujikinga nayo, na kupe wa mbuzi tunamwona katika hukumu hiyo. Ikiwa ni rahisi kuiosha, aioshe. Ama kupe aliyetoka kwa mbwa, kwa tahadhari aibadilishe nguo, na aioshe kama inavyooshwa najisi ya mbwa. Wallahu a'lam.